Kulala kwenye klabu ya shambani ya wanachama tu Uingereza: mwongozo kamili kuanzia kubuku mpaka bili

Nianze na kosa ambalo karibu kila mtu analifanya mara ya kwanza. Ukishapata nafasi ya kwenda kulala kwenye hizi klabu za mashambani Uingereza, zile za wanachama tu, akili yote inaenda kwenye chumba. Chumba kimepatikana, grupu la WhatsApp linalipuka, picha za kabini zinazunguka, kila mtu anauliza avae nini. Alafu mnafika Ijumaa usiku mnaambiwa meza za chakula zimejaa mpaka Jumapili, masaji hakuna nafasi, na teksi ya kuwapeleka kijijini mlitakiwa mmeiagiza tangu juzi. Kwa hiyo nakwambia mapema, chumba ndio kitu rahisi kuliko vyote, kazi iko kwenye hivyo vingine.

Hatua ya 1: Jua unaingia kwa jina la nani

Hizi sio hoteli tu zenye geti zuri. London ina klabu za wanachama tangu zamani sana, White's ilianza 1693 kama nyumba ya kunywa chokoleti, na mpaka leo desturi ni ile ile, kwamba mle ndani ni sebuleni kwa watu na wewe umekaribishwa. Mtindo wa kisasa aliupa umaarufu Nick Jones alipofungua Soho House pale London 1995, akilenga watu wa filamu na habari na sanaa, miaka mitatu baadae wakapeleka wazo shambani wakafungua Babington House kule Somerset, alafu 2015 ikaja Soho Farmhouse, ekari 100 nje ya kijiji cha Great Tew, Oxfordshire, kabini za mbao zimezunguka maji. Hiyo ya mwisho ndio watu wengi wanaiwaza wakisikia "klabu ya shambani". Na 2023 mkoa huo huo ukapata Estelle Manor, jumba kubwa la mawe ambalo ni hoteli na klabu kwa pamoja.

Njia za kuingia ni tatu. Ya kwanza wewe mwenyewe ni mwanachama, unaomba, kamati inakaa, unasubiri, inaweza kuchukua miezi, sitaizungumzia sana maana kama wewe ni mwanachama huu mwongozo huuhitaji. Ya pili ni kwenda kama mgeni wa mwanachama. Ya tatu ni kununua chumba bila uanachama pale panaporuhusu, Babington na Estelle wanauza vyumba kwa watu wa nje, na Soho House wana uanachama mdogo wa bei nafuu unaoitwa Soho Friends ambao umetengenezwa hasa kwa ajili ya watu wanaotaka vyumba.

Sasa tofauti yake ni nini? Ukiwa mgeni wa mtu, yeye ndio anabeba dhamana yako. Ukipiga kelele bwawani saa sita usiku barua haiji kwako, inaenda kwake, na akionywa sana uanachama wake ndio uko hatarini. Bili nayo mara nyingi inaangukia kwenye akaunti yake hata kama mmekubaliana kugawana. Kwa hiyo kabla hujasema ndiyo muulize mambo mawili: je na yeye atakuwepo muda wote au anakubukia tu alafu haji, maana sehemu nyingi mgeni haruhusiwi kubaki klabuni bila mwenyeji wake, na je kadi ya malipo itawekwa ya nani. Maswali ya aibu kidogo, najua, ila yaulize kwenye simu sio mapokezi.

Na ukinunua chumba kama mtu wa nje, uliza waziwazi ni sehemu zipi utaingia na zipi ni za wanachama peke yao. Kuna mahali unalala vizuri kabisa ila kuna baa au sebule moja huigusi. Bora ujue mapema kuliko kuzuiwa mlangoni mbele ya watu.

Hatua ya 2: Tarehe

Kama ratiba inakubali nenda Jumapili mpaka Jumanne. Bei inashuka, watu wa London wameshaondoka, masaji inapatikana. Wikendi ni vurugu ya watu wenye pesa, ambayo bado ni vurugu. Angalia pia kalenda ya likizo za shule za Uingereza, kama huna watoto zikwepe, kama unao basi ndio wakati wako.

Alafu mwanga, hiki watu hawakifikirii kabisa. Desemba pale Oxfordshire jua linazama kwenye saa kumi jioni. Saa kumi! Mkiruhusiwa kuingia chumbani saa tisa mna saa moja tu ya kuona hilo shamba mlilolipia. Juni ni kinyume chake, mnakula nje mpaka saa tatu usiku bado kuna mwanga. Mi binafsi napenda baridi, moto unawaka, mvua inapiga bati, ila nenda ukijua kwamba unanunua moto na blanketi, mandhari ni ya kuchungulia.

Hatua ya 3: Buku vitu vyote siku ile ile uliyobuku chumba

Hapa ndipo penyewe. Uthibitisho wa chumba ukiingia tu kwenye imeili, usifunge simu, endelea kwa mpangilio huu.

Kwanza chakula cha usiku wa kwanza. Mkifika mmechoka, nje giza, hakuna mgahawa wa kutembea kwa miguu, kama hakuna meza mtakula biskuti za chumbani. Chukua meza ya saa mbili na nusu usiku na sio saa moja, foleni ya Ijumaa kutoka London haina huruma. Usiku wa pili buku pia, hata kama hujui mtajisikiaje, kufuta meza ni rahisi kuliko kuipata.

Pili spa. Nafasi za kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni za Jumamosi ndio zinakwisha mwanzo. Ujanja wangu ni kuchukua masaji ya siku ya kufika, mara tu baada ya kuingia, kwa sababu wengi wanaogopa kuchelewa hivyo hawaibuku, au asubuhi ya kuondoka kabla ya saa tano. Soma masharti ya kufuta, kawaida ndani ya saa 24 unalipa hela yote hata usipokwenda. Ukikosa kabisa, piga simu asubuhi mapokezi wakishafungua uulize nani kafuta, yaani usitegemee apu, apu haikuonei huruma ila mtu wa mapokezi ukimsemesha vizuri anakukumbuka.

Tatu, usafiri wa kutoka stesheni, nitauongelea sasa hivi. Vingine vyote, madarasa ya yoga, farasi, tenisi, sinema, buku kimoja tu. KIMOJA. Nimeona watu wana ratiba ya kila saa utadhani wako semina ya kazini, wanarudi nyumbani wamechoka kuliko walivyoenda.

Hatua ya 4: Kufika

Nitachukua mfano wa eneo la Great Tew maana ndio linaloulizwa zaidi. Kwa treni una njia mbili, London Paddington mpaka Charlbury, kama saa moja na robo hivi, au London Marylebone mpaka Banbury ambayo ni kama saa moja. Kote kote ukishuka bado uko mbali, na hizi stesheni za vijijini sio mahali pa kutoka nje ukaita gari kwenye simu likaja baada ya dakika tatu. Teksi inaagizwa kabla, siku kadhaa kabla kama ni wikendi, na agiza ya kurudi hapo hapo. Uliza pia klabu kama wana gari la kupokea wageni na linaondoka saa ngapi.

Kwa gari ni barabara ya M40, kama kilomita 120 kutoka London. Ondoka kabla ya saa nane mchana siku ya Ijumaa, ukichelewa hapo jiandae kukaa. Kilomita za mwisho ni vinjia vyembamba vyenye ua wa miti pande zote mbili, mtandao unakatika, kwa hiyo pakua ramani kabla, na usiwaamini wanaosema wanaikumbuka njia. Gari la kuchaji kwa umeme, uliza chaja ziko ngapi na kama zinabukiwa.

Hatua ya 5: Begi

Watu wanapeleka nguo za harusi. Usifanye hivyo. Hizi za kundi la Soho tangu mwanzo wanaringa kwa kutotaka suti na tai, mtindo ni sweta nzuri, jinzi, viatu ambavyo havilii. Ukivaa kupita kiasi utaonekana mgeni haraka kuliko ukivaa kawaida. Ila klabu za zamani zaidi zina sheria zao za mavazi na zinazifuata kweli, soma kwenye tovuti yao.

Kinachosahaulika: nguo ya kuogelea ya pili, maana ya kwanza haikauki kwenye ile baridi na kuivaa mbichi asubuhi ni adhabu. Soksi nene mbili au tatu. Gambuti wengi wanakuazima, Soho Farmhouse ziko tayari zimepangwa kwa saizi, ila kama mguu wako ni mkubwa sana au mdogo sana piga simu uulize. Tochi ndogo, kwa sababu njia za usiku zinaachwa giza makusudi ili uone nyota. Adapta ya plagi ya Uingereza yenye meno matatu bapa. Dawa zako za kawaida, maana duka la dawa la karibu linaweza kuwa safari ya gari, na Jumapili linafunga mapema.

Sabuni, shampuu, mafuta, taulo, joho la kuogea, acha nyumbani vyote.

Hatua ya 6: Siku ya kwanza

Fika mapema hata kama chumba hakijawa tayari. Chumba ni saa tisa alasiri, sawa, lakini sehemu nyingi ukifika saa sita au saba wanapokea mizigo na unaruhusiwa kutumia bwawa na mgahawa. Hiyo ni nusu siku ya bure. Uliza tu wakati wa kubuku.

Pale Soho Farmhouse gari linabaki mlangoni. Kuanzia hapo unatembea, au unapanda baiskeli uliyopewa, au unachukuliwa na vile vigari vya zamani vya kusambazia maziwa ambavyo wamevigeuza vya kubebea watu na mizigo, kuna mpaka kimoja kinachopita kwenye kabini kutengenezea watu vinywaji. Inachekesha siku ya kwanza, siku ya pili umeshazoea unalalamika kimechelewa.

Baiskeli sasa. Uingereza breki ya mbele ni ya mkono wa kulia. Ukiwa na haraka kwenye changarawe ukabana kulia kwa nguvu unaruka mbele kama chura. Zijaribu zote mbili taratibu kabla ya kuteremka. Na usiku washa taa, wenzako nao wanatoka baa.

Ukiingia ndani, kabla hujalala kitandani kwa raha, kagua vitu vinne: maji ya moto yanatoka, joto la sakafu au la ukuta linawashwa wapi, kuni kavu zipo, na simu ya chumbani inafanya kazi. Kasoro yoyote sema saa hiyo hiyo. Ukisema saa nne usiku fundi ameshaondoka.

Hatua ya 7: Moto

Nitakaa hapa kidogo kwa sababu nimeaibika. Mara ya kwanza niliwasha jiko la kuni la chumbani nikiwa na uhakika wote, mtu niliyekulia kwenye kuni nani ataniambia nini, nikajaza magogo, nikafunga mlango na matundu yote ili joto lisitoke, baada ya dakika tano kabini imejaa moshi, king'ora kinalia, wenzangu wako nje na majoho ya kuogea kwenye baridi, kijana wa watu amekuja mbio na baiskeli. Kosa langu tupu. Lile jiko la chuma lenye kioo sio mafiga.

Fanya hivi. Fungua matundu ya hewa yote, la chini na la juu, kabisa. Weka vigogo viwili vidogo chini vikiwa na nafasi katikati, juu yake panga vijiti vyembamba msalaba kwa msalaba, na kiwashio kiweke juu, ndio, juu, moto unashuka wenyewe na moshi unakuwa kidogo. Washa, alafu mlango uegeshe tu bila kuubana kwa dakika tano mpaka kumi ili bomba lipate joto, bomba likiwa baridi moshi unarudi ndani. Moto ukikolea funga mlango, punguza tundu la chini, la juu liache wazi kiasi. Ongeza gogo moja moja, fungua mlango polepole.

Kioo kikiwa cheusi ujue kuni ni mbichi au umebana hewa mno. Kuni za vifurushi zinazouzwa Uingereza kwa sheria ya tangu 2021 zisizidi unyevu wa asilimia 20, kwa hiyo zile walizokuwekea ndani ni nzuri, usiende kuokota matawi nje kwa sababu yanapendeza. Na kile kidude cheupe cha kutambua hewa ya sumu usikitoe betri hata kikikukera vipi. Kikilia kweli toka nje, kisha ndio upige simu.

Hatua ya 8: Simu na macho

Picha hakuna. Hii ndio sheria wanayoisimamia kuliko zote kwenye nyumba za Soho, na kwenye klabu nyingi zingine ni hivyo hivyo. Ndani ya kabini yako piga selfi zako mpaka uchoke ila mgahawani, bwawani, baa, weka simu mfukoni. Simu za kuongea nazo unatoka nje au unaenda sehemu walizoruhusu, na laputopu zina masaa yake na vyumba vyake.

Watu maarufu utawaona, tena mara nyingine wa meza ya pili. Unafanya nini? Unaomba chumvi kama unaihitaji. Usimkodolee macho, usimwambie mwenzako kwa kunong'ona kule kunakosikika mpaka jikoni, usiandike mtandaoni ukiwa bado upo pale. Yeye amelipa ili awe mtu wa kawaida kwa siku mbili, na mwanachama aliyekuleta ndio atakayeitwa.

Kwenye sauna na maji ya moto angalia wengine wanafanyaje, oga kwanza, kaa juu ya taulo, kama kuna watu kimya nawe kaa kimya. Watoto wana masaa yao bwawani, yako ubaoni.

Hatua ya 9: Toka nje ya geti

Wengi hawatoki. Hasara, maana nje ni bure na ni pazuri. Uingereza ina njia za miguu za umma zinazopita katikati ya mashamba ya watu kihalali kabisa, mshale wa njano ni njia ya waendao kwa miguu, wa bluu ni ya farasi na baiskeli pia. Geti ulilolikuta limefungwa lifunge, ulilolikuta wazi liache wazi. Ng'ombe wenye ndama wapitie mbali, na kama una mbwa ng'ombe wakakujia kwa hasira mwachie mbwa, yeye atakimbia, wewe hutaweza.

Great Tew yenyewe ni kijiji cha nyumba za mawe ya rangi ya asali zenye mapaa ya nyasi, kina baa moja ya zamani, Falkland Arms. Ukiwa na gari kuna mawe ya Rollright, duara la mawe la kale ambalo lina maelfu ya miaka, kuna kiwanda cha bia cha Hook Norton cha tangu 1849, na Blenheim Palace pale Woodstock alipozaliwa Winston Churchill 1874. Chagua kimoja kwa siku, urudi kabla giza halijaingia.

Hatua ya 10: Bili

Chumba mnakitoa saa tano asubuhi, kwa hiyo usiku wa mwisho kabla ya kulala omba bili ya mpaka wakati huo uisome ukiwa na akili zako. Asubuhi kuna foleni na kila mtu anasaini tu. Angalia vitu vya kwenye friji ya chumbani, kinywaji kilichoagizwa na jina lisilo lenu, na kifungua kinywa kama kilikuwa ndani ya bei au nje.

Kodi ya asilimia 20 kawaida imeshaingia kwenye bei unayoiona. Ada ya huduma ni kitu kingine, mara nyingi asilimia 12.5 kwenye chakula na vinywaji, na ikiandikwa kwamba ni ya hiari basi ni ya hiari kweli, unaweza kuomba itolewe kama huduma ilikuwa mbovu. Ila mi huwa naiacha, kwa sababu tangu Oktoba 2024 sheria inamlazimu mwajiri kuwapa wafanyakazi hela yote ya namna hiyo bila kukata. Ukishailipa huna haja ya kutoa tipu nyingine, isipokuwa kuna mtu alikusaidia kipekee, kama yule kijana aliyekuja na baiskeli kunizimia king'ora, huyo nilimpa mkononi.

Kama akaunti ni ya rafiki yako aliyekualika, mtumie sehemu yako mkiwa bado mapokezi. Skrinishoti ya bili, hesabu, hela, hapo hapo kabla begi halijaingia kwenye gari. Asikwambie "tutaongea baadae", akikwambia hivyo tuma tu. Na gambuti uvue urudishe kwenye shelfu lake, mi kuna siku nilikumbuka nikiwa Banbury.